Mpira au paipu ngumu? Najenga kompyuta ya kupozwa kwa maji kwa mara ya kwanza

maji_kidogo

Wakuu habari za muda huu. Msinicheke jamani, nimesoma wiki tatu na kila nikisoma ndo nachanganyikiwa zaidi. Najenga kompyuta ya kupoza kwa maji kwa mara ya kwanza, sio ile inayokuja imeshafungwa kiwandani unabandika na kusahau, hapana, hii ya kufunga mwenyewe kipande kwa kipande. Bloku ya CPU (prosesa) ninayo, bloku ya GPU (kadi ya picha) ninayo, yani vile vipande vya shaba vinavyokaa juu ya chipu maji yanapita ndani yake, rejeta mbili za kutoa joto la maji (ya milimita 360 itakaa juu, ya 240 itakaa mbele), pampu ni aina ya D5 imeungana na tangi lake. Vyote hivyo niliamua ndani ya siku mbili tu. Nilipokwama ni kwenye kitu nilichodhani ndo rahisi kuliko vyote, mirija.

Picha zote ninazozipenda ni za paipu ngumu zimekunjwa pembe kama zimechorwa na rula, maji yana rangi, taa zinawaka. Moyo uko huko kabisa. Ila wengine wanasema mara ya kwanza usijitese, chukua mpira. Haya, mpira upi? Kuna PVC laini unaona maji yakipita, kuna mweusi wanauita EPDM, afu kwenye ngumu kuna plastiki za PETG na akriliki. Saizi nazo ni vurugu tupu, 10/13, 10/16, 13/19, na paipu ngumu zina namba zake nyingine.

Ninachotaka kujua: mrija mpana unapoza zaidi? PETG inaweza kulainika kwa joto la maji ikachomoka usiku mimi nimelala? Na huu mpira mweusi unasifiwa kwa sababu ni mzuri kweli au watu ni wavivu wa kukunja paipu? Niongeze tu kwamba GPU natarajia kubadilisha mwakani, na kasha huwa nalihamisha hamisha. Nawasilisha.

Tupa na Msasa

Karibu kwenye ugonjwa mkuu, dawa yake haijapatikana.

Umeshajijibu kwenye sentensi ya mwisho ila hujajisikia. Mtu anayebadilisha GPU mwakani na anayehamisha kasha hana kazi na paipu ngumu. GPU mpya ikija na bloku yake matundu yanakuwa sehemu nyingine, labda imesogea sentimita moja tu, na hiyo sentimita moja inatosha paipu zako mbili tatu ziende kwenye takataka uanze kukunja upya. Mpira unausogeza unausokota kidogo maisha yanaendelea.

Kuhusu aina ya mpira, nakwambia yaliyonikuta. Mashine yangu ya kwanza nilifunga PVC ya kuonyesha, ilikuwa nzuri jamani, watu wakija wanashangaa. Mwezi wa tatu ikaanza kuwa na ukungu kama kioo cha bafuni, nikajua ni uchafu wa nje nikafuta weee haitoki. Mwezi wa kumi CPU imepanda nyuzi karibu kumi na kazi ni ile ile. Kufungua bloku, vile vifereji vyembamba vya shaba vimejaa kitu cheupe kinateleza kama sabuni iliyoloana. PVC yenyewe kwa asili ni ngumu kama paipu ya maji taka, ili iwe laini wanaichanganyia kemikali ya kulainisha, na hiyo kemikali haikai milele ndani ya mpira, maji yakiwa ya uvuguvugu inatoka polepole na kwenda kuganda pale penye njia nyembamba kuliko zote, yani ndani ya bloku. Nilisugua kwa mswaki nusu siku.

EPDM haina mchezo huo. Ni raba hasa, ndugu wa zile hozi za rejeta za magari zinazopitisha maji ya moto miaka na miaka. Haionyeshi ndani, haing'ai, haina cha kupiga picha, ila unafunga na kusahau. Kwa hiyo sio uvivu mkuu, tulishasugua bloku tukachoka.

feni_haivuji

Feni nzuri mbili na rejeta zako uza. Feni haijawahi kuvuja.

Tupa na Msasa

@feni_haivuji wewe kila mada ya maji uko humu, si ukae kwenye mada zako za feni

binti_paipu

Nimekuja kutetea upande wa paipu ngumu maana naona jamaa wa mpira wameshaanza kuhubiri.

Kaka, mimi mashine yangu ya kwanza kabisa ilikuwa paipu ngumu, sikupitia mpira hata siku moja, na sikufa. Usitishwe. Ila nikueleze ukweli wa kazi yenyewe uamue ukijua. Nilinunua paipu kumi, zilizoishia ndani ya kasha ni nne na vipande. Zile sita nyingine nilijifunzia. Ukipasha upande mmoja zaidi paipu inabonyea, ukikunja mapema inakuwa na makunyanzi kwa ndani ya kona, ukichelewa imeshaganda. Lazima uingize ule mpira wa silikoni ndani yake kabla ya kukunja ili paipu isijifunge, na uupake maji yenye sabuni kidogo la sivyo kuuchomoa ni vita. Mashine ya kupuliza hewa ya moto unaizungusha zungusha usiikazie sehemu moja, ukiona mapovu madogo ndani ya plastiki ujue umeunguza, kata tupa.

PETG na akriliki: anza na PETG. Inalainika kwa joto dogo, inasamehe, ikianguka haivunjiki, na unaikata hata kwa kikata paipu cha mkono. Akriliki inang'aa zaidi na inastahimili joto zaidi ila ni kama kioo, ukikata vibaya inapasuka mstari unaopanda juu. Na akriliki usije ukaifuta kwa spiriti hata siku moja, inaleta nyufa ndogo ndogo kama nywele. Hii inakuhusu hata ukichagua mpira, kwa sababu matangi mengi na mifuniko mingi ya bloku ni akriliki.

Kuchomoka usiku: PETG inaanza kulegea maeneo ya nyuzi 80, akriliki inafika 100 na kidogo. Maji ya mashine iliyofungwa vizuri yanacheza 30 na kitu mpaka 40 na kitu, na D5 yenyewe mwisho wake ni maji ya nyuzi 60. Kwa hiyo ukiwa kwenye hali ya kawaida hailainiki. Hatari ni pampu ikizima huku CPU na GPU zinaendelea kuchemsha maji yaliyosimama, hapo paipu karibu na bloku inaweza kulegea ikateleza kwenye oringi, kale kapete ka raba kanakoziba maji. Dawa yake ni kasensa ka joto la maji, unaiambia mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta) ikifika nyuzi kadhaa zima kila kitu. Kasensa hako weka hata ukifunga mpira.

Na kingo za paipu piga tupa mpaka zilale, ukiziacha kali zinakata oringi wakati unaisukumia ndani, na utajua siku ya kujaza maji.

mzee wa koki

Nasoma nacheka. Kijana hajaulizwa swali la kwanza, fitingi, yani viunganishi vya mrija na vifaa, una za saizi gani? Maana umetaja bloku, rejeta, pampu, sijaona fitingi.

maji_kidogo

Mzee shikamoo. Fitingi ninazo tayari, kumi na mbili, nilikuta zinauzwa kwa punguzo nikabeba. Kwenye boksi zimeandikwa G1/4 10/13. Nilijua G1/4 ndo ya muhimu kwa sababu bloku zote zimeandikwa hivyo hivyo, hiyo 10/13 nikaipuuza. Kuna shida?

Tupa na Msasa

😂😂 pole mkuu. Mimi EPDM niliyokuwa nakupigia debe ni 10/16

mzee wa koki

Marahaba. Shida ipo ila ndogo, usimsikilize anayecheka.

G1/4 ni thredi, ni upande unaoingia kwenye bloku na rejeta, na huo karibu vifaa vyote vinafanana kwa hiyo hapo uko salama. Hizo namba mbili nyingine ni za mpira, ya kwanza ni upana wa ndani na ya pili ni wa nje, kwa milimita. Fitingi yako ina ncha ambayo mpira unavaa, hiyo inaangalia 10, halafu ina ringi ya nje inayoshuka kuubana mpira, hiyo inaangalia 13. Mpira wa 10/16 utavaa kwenye ncha vizuri kabisa, unafurahi, kisha ringi haipiti juu yake maana imetengenezwa kwa 13. Na ukifanya kinyume, ringi ya 16 juu ya mpira wa 13, itafunga mpaka mwisho na itaonekana imekaza kumbe haijabana kitu. Hiyo ya pili ndo mbaya zaidi kwa sababu haikwambii. Kingine, fitingi za mpira hazishiki paipu ngumu. Paipu ngumu inashikwa na oringi kwa nje, ni fitingi tofauti kabisa. Kwa hiyo ukienda kwa binti_paipu hizo kumi na mbili zako zote ni mapambo.

Tofauti ya 13 na 16 ni unene wa ukuta. Kumi mpaka 13, ukuta ni milimita moja na nusu. Kumi mpaka 16 ni milimita tatu, mara mbili. Ukuta mnene unakunja kona ya karibu bila kujibana, mwembamba ukiulazimisha unabonyea katikati kama mrija wa juisi na maji hayapiti. Ndio maana watu wanapenda 10/16. Lakini EPDM ya 10/13 ipo, itafute hiyo, fitingi zako zibaki. Pale kona inapokuwa ya karibu sana usilazimishe mpira, weka elbo ya kuzunguka ya nyuzi 90 au 45. Kwa mpangilio uliousema nadhani utahitaji mbili, pale GPU inapopokea na pale tangi linapotoa.

Sasa upana. Mrija mpana haupozi zaidi, sahau hiyo. Njia nyembamba kuliko zote kwenye mzunguko wako ni vile vifereji vya ndani ya bloku, maji yakishapenya pale mrija wa 10 kwake ni barabara kuu. Ukiweka 13/19 utapata mpira mnene kama mkono wa mtoto, hauingii vizuri nyuma ya GPU, na maji mengi zaidi ya kununua. Piga hesabu, mita moja ya upana wa ndani 10 inabeba mililita 78 hivi, mita moja ya 13 inabeba 133.

Na kabla hujauliza, maana wote mnauliza, mpangilio wa nini kianze nini kifuate haubadilishi joto kwa maana yoyote. Chukua CPU na GPU kwa pamoja zinatoa wati 400, maji yanazunguka lita 3 kwa dakika. Maji yakipita kwenye vyote viwili yanapanda kama nyuzi 2 tu, basi. Kwa hiyo unganisha kwa njia fupi na inayopendeza. Sheria moja tu, tangi liwe kabla ya pampu na juu yake ili pampu isivute hewa kavu, na kwako vimeshaungana hiyo imejitatua.

binti_paipu

Mzee nakubali yote ila elbo mbili hazitoshi, rejeta ya juu na ile ya mbele zikikutana kwenye kona atahitaji ya tatu. Nimeshapita hapo.

mzee wa koki

Sawa mwanangu, anunue tatu, ikibaki ataweka kwenye koki. Umenikumbusha. Kijana, weka tii (fitingi ya matundu matatu) sehemu ya chini kabisa ya mzunguko na koki ndogo kwenye mguu wake mmoja. Kila anayefunga mara ya kwanza anaiacha eti inaharibu muonekano, halafu siku ya kubadilisha maji anapindua kasha zima juu ya ndoo kama anamwaga uji.

maji_kidogo

Nimewaelewa sana, asanteni. EPDM ya 10/13 nimeipata, roho ya paipu ngumu nimeizika kwa muda. Ni mita ngapi? Na maji gani? Nilikuwa nimeshapenda yale meupe kama maziwa.

Tupa na Msasa

Mita tatu. Utatumia mbili, ya tatu ni ya makosa. Usipime kwa kuvuta mpira ukakaza, acha ulegee kidogo, mpira uliovutwa unachomoka taratibu kwenye ncha. Na ukate ukiwa umenyooka kabisa, kikata mpira kile cha makali mawili ndo kizuri, mkasi unaupondaponda unakatika mshazari. Ukigoma kuvaa kwenye ncha chovya mwisho wake kwenye maji ya moto nusu dakika, utaingia wenyewe.

Kuhusu maziwa, sasa si umechagua mpira mweusi, hayo maziwa atayaona nani? Yale ya rangi nzito yana chembe zinazoelea na zinapenda kutuama ndani ya bloku. Chukua maji ya kukeneka na dawa yake ya kuzuia mwani na kutu, au yale yaliyochanganywa tayari yasiyo na rangi. Na rejeta zisuuze kwanza kwa maji ya moto, zijaze nusu, ziba, tikisa, mwaga, rudia mpaka yatoke safi. Utashangaa vinavyotoka, masalia ya kuchomelea na vipande.

mzee wa koki

Na hakikisha hakuna alumini popote maji yanapopita. Bloku ni shaba, rejeta angalia kama ni shaba na brasi. Alumini ikikutana na shaba ndani ya maji yale yale alumini ndo inaliwa, na dawa inachelewesha tu.

Kupima kuvuja: kabla ya kuwasha kompyuta washa pampu peke yake. Chomoa kichwa cha pini 24 kwenye mazabodi, chomoa na waya za CPU na GPU, unganisha pini ya 16 na ya ardhi iliyo jirani yake, baadhi ya pawa saplai zinakuja na kale kaplagi ka kazi hiyo kama hutaki kutumia kipande cha waya. Tandika tishu nyeupe chini ya kila fitingi. Kuna na pampu ya mkono yenye geji unajaza hewa kavu kama nusu baa na kuangalia mshale kama unashuka, hiyo ni nzuri zaidi kwa sababu ukikosea kinachotoka ni hewa. Ukiipata tumia hiyo kwanza kisha maji. Fitingi kaza kwa mkono tu, ukitumia spana utakata oringi au utapasua akriliki.

maji_kidogo

Wakuu nimerudi, siku kumi na moja zimepita. Nilifunga jana kutwa.

Pampu ya hewa sikupata nikaenda na maji moja kwa moja, tishu kila mahali mpaka kasha linafanana na kidonda kilichofungwa bandeji. Saa ya kwanza kavu. Saa ya pili nikaona tishu moja chini ya GPU imekuwa na doa kama punje ya mchele. Moyo uliacha kupiga. Nikajua ni mpira, nikalaumu ukuta mwembamba, nikalaumu fitingi za punguzo, nikawalaumu na nyie kimoyomoyo. Kumbe ni kile kizibo kwenye tundu la GPU nisilolitumia, oringi yake ilikaa upande ikabanwa, nilikifunga mara ya kwanza kabisa na sikukigusa tena. Nikamwaga maji kwa koki (mzee, Mungu akupe maisha marefu), nikabadilisha oringi, nikajaza tena, usiku mzima kavu.

Elbo zilikuwa tatu, binti_paipu alikuwa sahihi. Mpira ulibaki sentimita 70. Ila kuna sehemu moja kati ya CPU na rejeta ya juu niliona umeanza kubonyea nikaurefusha ukazunguka kwa mbali, hauvutii lakini maji yanapita. Nikicheza saa mbili maji yanatulia nyuzi 11 juu ya joto la chumba, feni sizisikii.

binti_paipu

Hongera kaka! Mwakani ukibadilisha GPU njoo upande wetu, nitakuelekeza kukunja.

feni_haivuji

Nilisema itavuja. Weka picha basi.

maji_kidogo

Mpira mweusi ndani ya kasha jeusi, nimepiga mara nne, zote zinafanana na picha ya chumba umeme umekatika. Nikinunua taa nitaweka.